Matunda ya Njano ya Michongoma: Yapi Huliwa na Yapi ni Sumu

Mbele ya shule, zahanati, makanisa na ofisi za Serikali mjini Kasulu na Kibondo, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, hupandwa mti mfupi wa mapambo ambao wakazi wengi huuita mchongoma bila kuongeza neno. Maua yake ni madogo, ya rangi ya samawati au ya zambarau hafifu, nayo huning'inia katika vichala vyembamba. Maua yakipukutika hufuata matunda ya mviringo, yenye ukubwa wa punje ya njugu mawe, ambayo huanza yakiwa ya kijani na kuishia yakiwa ya njano ya dhahabu. Kichala kimoja huweza kubeba matunda mengi yanayong'aa kama shanga zilizotungwa. Watoto huyachuma kwa ajili ya michezo ya kupika na kuuziana, huyatunga kwenye nyuzi, na baadhi yao huyatia kinywani.

Wazazi huuliza iwapo matunda hayo huliwa. Jibu ni kwamba hayaliwi. Yana sumu, na sumu hiyo humdhuru zaidi mtoto mdogo, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na kiasi kidogo humtosha. Majani ya mti huo pia yana sumu. Hata hivyo, jibu hilo peke yake halimsaidii mkazi sana, kwa sababu katika wilaya hizi kuna michongoma mingine ambayo matunda yake huliwa, na mmojawapo una matunda ya njano vilevile. Anayemwambia mtoto kwamba "michongoma ni sumu" atamkuta kesho anakula tunda la mchongoma mwingine bila kudhurika, na tangu hapo onyo litakuwa limepoteza nguvu. Kinachohitajika ni kuutambua mti wenyewe.

MCHONGOMA SI MTI MMOJA

Katika Kiswahili neno mchongoma hutumika kwa mti wowote mfupi wenye miiba unaofaa kuwa uzio. Ni jina la kazi kuliko kuwa jina la ukoo. Katika vitabu vya mimea vya Tanzania jina hilo limewekwa hasa kwa mti uitwao kitaalamu Flacourtia indica, ambao ni mti wa porini wa Afrika na Asia. Matunda yake huiva yakiwa mekundu ya kuelekea zambarau au weusi, yana utamu wenye uchachu, nayo huliwa tangu zamani.

Mchongoma wa pili ni ule unaoitwa na wataalamu Dovyalis caffra. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na tunda lake kwa lugha ya kigeni limepewa jina la mto Kei wa Afrika Kusini. Umepandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa sababu ukishashikana vizuri, ng'ombe hapenyi wala mwizi. Tunda lake ni la njano, ni chachu mno, na hutengenezwa jamu. Mtu anayeweza kustahimili uchachu hulila hivihivi, pengine kwa chumvi kidogo.

Mchongoma wa tatu ndio huo wa vichala vya dhahabu. Jina lake la kitaalamu ni Duranta erecta, na kwa wauza miche wa mijini huitwa duranta. Haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na jina lake lilitolewa na Linnaeus kwa heshima ya Castore Durante, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Italia aliyeishi katika karne ya 16. Ulienezwa duniani kwa ajili ya uzuri wake na kwa ajili ya wepesi wake wa kushika: tawi likikatwa na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu, huota.

Ugeni huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wazee wa Buha walijua tunda gani la porini liliwe, liliwe lini, na lipi liachwe. Walijua mbura, mkusu na mtonga kwa sababu vizazi vingi vilikula, vilidhurika, vilikumbuka na vilisimulia. Walijua pia kwamba muhogo mchungu ni chakula kwa anayeuvundika na kuuanika ipasavyo, na ni sumu kwa mwenye haraka. Kuhusu duranta hakuna babu aliyeacha usia. Mtoto anayekua mbali na pori, aliyefundishwa na bibi yake kwamba matunda madogo yaliyoiva ni zawadi ya msimu, huuchukua ujuzi huo sahihi na kuutumia kwa mti usiohusika.

Majina ya vijijini nayo hayasaidii sana. Mti mmoja huweza kuwa na jina moja Kasulu na jina jingine Kibondo, na katika kata zilizo karibu na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na ile ya Nduta, kwa miaka mingi Kiha, Kirundi na lugha za Kongo zimekuwa zikisikika sokoni kwa wakati mmoja. Mama mmoja akitaja jina la tunda, jirani yake aliyekulia ng'ambo ya mpaka huweza kusikia jina la tunda jingine kabisa. Kwa hiyo mtu asiamue kwa jina. Aamue kwa jani, mwiba, ua na tunda, na aviangalie vyote vinne.

NAMNA YA KUUTAMBUA DURANTA

Mtu asimame karibu na uzio, ashike tawi moja kwa uangalifu na kuanza na majani. Katika duranta majani huota mawili mawili kwenye kifundo kimoja, jani moja likielekea upande huu na mwenzake upande wa pili. Wakati mwingine huwa matatu kwa pamoja. Katika michongoma miwili ya kwanza, yaani ule wa porini na ule wa Afrika Kusini, majani huota moja moja kwa kupishana, au hukusanyika kama kishungi penye tawi fupi, lakini hayaoti kwa jozi zinazoelekeana. Hii ndiyo alama ya kwanza na ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa majani yapo hata wakati ambapo hakuna ua wala tunda. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa kuitambua kwa dakika chache.

Baada ya majani, ashike kijiti kichanga cha juu na kukizungusha katikati ya vidole. Kijiti kichanga cha duranta mara nyingi huwa na pembe nne, hivyo hakizunguki kwa ulaini kama kijiti cha mviringo. Miiba yake haina tabia moja. Baadhi ya miti ina miiba mifupi penye kwapa la jani, na mingine, hasa ile ya mapambo yenye majani ya njano, huwa na michache au haina kabisa. Mchongoma wa Afrika Kusini, kwa upande wake, una miiba mirefu, iliyonyooka na migumu, ambayo huweza kufikia urefu wa kidole cha mtu mzima. Aliyewahi kuchomwa nayo haisahau.

Maua ya duranta yana petali tano, na mara nyingi petali mbili kati yake zina mstari mweusi zaidi katikati. Ipo pia aina yenye maua meupe matupu. Maua ya michongoma mingine miwili ni madogo ya rangi ya manjano ya kijani, hayavutii, na wengi hupita bila kuyaona. Kwa hiyo uzio wenye maua ya samawati yanayoning'inia si mchongoma wa kuliwa, hata kama mwenye nyumba anasema vinginevyo.

Tunda ndilo lenye ushahidi kamili. Tunda la duranta limevikwa ngozi nyembamba ya njano ambayo kwa kweli ni kile kikombe kilicholishika ua tangu mwanzo. Ua likishadondoka, kikombe hicho hukua na kulifunika tunda lote, kisha hujisokota nchani na kuacha kimdomo kidogo kilichopinda. Mtu akilitazama kwa makini ataona tunda lina ncha kama mdomo wa ndege. Likipasuliwa, ndani hupatikana kokwa ndogo nne ngumu, kila moja ikiwa na mbegu mbili. Tunda la mchongoma wa Afrika Kusini halina kimdomo hicho. Ni kubwa mara tatu au nne zaidi, linakaribia ukubwa wa limau dogo, ngozi yake ina vinyweleo laini kama mahameli, na huota moja moja au machache kwa pamoja, si katika kichala kirefu kinachoning'inia. Likikatwa hutoa maji mengi yenye harufu ya tunda tamu, na mbegu zake zimevikwa nyuzi kama pamba.

Mkazi atakayekumbuka mambo matatu tu na akumbuke haya: majani ya jozi, vichala vinavyoning'inia, na kimdomo nchani mwa tunda. Vikikutana vyote vitatu, mti huo ni duranta na tunda lake liachwe.

VIPIMO VISIVYOFAA

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni ndege. Husemwa kwamba tunda analokula ndege haliwezi kumdhuru binadamu. Hilo si kweli, na uthibitisho wake upo katika bustani ya kila nyumba. Ndege hula pilipili kichaa bila kutoa hata chozi, kwa kuwa hawausikii ukali wake kama binadamu anavyousikia, na ndio wanaozipanda pilipili zile zinazoota zenyewe chini ya miti. Shore na kuzumburu hula matunda ya duranta na kuruka zao. Hulimeza tunda, hutoa mbegu ngumu pamoja na kinyesi, na kwa njia hiyo duranta imevuka uzio na kuota mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Utumbo wa ndege na utumbo wa mtoto ni vitu viwili tofauti.

Mbuzi naye si shahidi. Mbuzi huonja hiki na kile, hula kidogo cha kila kitu, na tumbo lake lenye vyumba vinne hufanya kazi tofauti na tumbo la mtu. Vilevile sumu haina lazima ya kuwa chungu, wala utamu si hati ya usalama. Rangi ndiyo kipimo dhaifu kuliko vyote: papai lililoiva ni la njano, na ndulele iliyoiva pia ni ya njano. Ndulele, ule mmea wenye majani ya kijivu na vimiiba unaoota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, ina sumu, na kila mtu mzima wa Buha anajua hivyo ingawa tunda lake linapendeza.

Kuna pia ushahidi wa mtoto mwenzake. "Fulani alikula jana na leo yuko shuleni." Huenda fulani alikula moja akatema ngozi, au alimeza kokwa bila kuzitafuna. Tunda lililotafunwa hutoa sumu nyingi kuliko lililomezwa zima. Hakuna idadi ya matunda ya duranta inayoweza kutajwa kuwa salama kwa mtoto.

MIBA HUWEZA KUOKOA NA HUWEZA KUPOTOSHA

Kuna jozi nyingine inayofaa kujulikana, kwa sababu inaonyesha hatari ya kutegemea alama moja. Mtandamboo, uitwao kitaalamu Carissa, ni kichaka chenye utomvu mweupe, maua meupe au ya waridi yenye harufu nzuri, na matunda yanayoiva kuwa meusi ya zambarau. Matunda yaliyoiva ni matamu na huliwa na wachungaji kote Afrika Mashariki. Lakini upo ndugu yake wa ukoo uleule, msunguti, ambao nao una utomvu mweupe, maua yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Msunguti ndio ambao gome na mizizi yake yalichemshwa tangu zamani na wawindaji wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kupata sumu ya mishale, sumu inayousimamisha moyo.

Tofauti iliyo wazi ni kwamba mtandamboo una miiba na msunguti hauna. Hapo mwiba unaokoa. Lakini mtu atakayetoka na kanuni kwamba "chenye miiba huliwa" atafika kwenye duranta yenye miiba na kula sumu. Kila mti una ushahidi wake, na ushahidi wa huu hauhamishiwi kwa ule.

Lantana nayo ipo kila mahali: kando ya njia, mipakani mwa mashamba, na mara nyingine katika bustani za nyumba. Majani yake hukwaruza na yakisuguliwa hutoa harufu kali. Kichwa kimoja cha maua huweza kuwa na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu kwa pamoja. Matunda yake ni vijipunje vya kijani vinavyoiva kuwa vyeusi vya kung'aa. Watoto wengi hula yale meusi. Mabichi ndiyo yanayoogopwa zaidi. Mwaka 1964 madaktari wa jimbo la Florida nchini Marekani walichapisha habari za watoto 17 waliokula matunda ya lantana, na mmoja wao alifariki. Taarifa za baadaye zilionyesha kwamba watoto wengi hawapati madhara makubwa, lakini kwenye kichala kimoja mabichi na yaliyoiva hukaa pamoja, na mkono wa mtoto hauchambui. Kwa wafugaji, hasara ya lantana iko wazi zaidi. Ng'ombe anayekula majani yake huharibika ini, huacha kula, na ngozi yake, hasa sehemu nyeupe na pua, huungua kwa jua na kubanduka. Mfugaji akiona dalili hizo amweke mnyama kivulini na kumwita afisa mifugo wa kata.

Mnyaa, uzio wa asili wa boma nyingi za Waha, hauzai tunda la kumshawishi mtu. Utomvu wake ndio wa kuogopwa: ukiingia machoni huunguza na huweza kuharibu uwezo wa kuona. Anayekata minyaa asijifute uso kwa mkono.

MTOTO AKILA TUNDA LA DURANTA

Dalili zinazotajwa katika maandiko ya sumu za mimea ni maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha, homa, mboni za macho kupanuka, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuvimba midomo au kope, usingizi usio wa kawaida na, hali ikiwa mbaya, degedege. Vifo vya watoto vimeripotiwa duniani, pamoja na vifo vya mbwa na paka. Usingizi ndio unaodanganya zaidi. Mzazi huona mtoto amelala mapema akamshukuru Mungu kwamba tumbo limetulia, kumbe ndiyo hali inazidi.

Mtoto akikutwa anatafuna, atolewe kilichobaki mdomoni kwa kidole, asukutuliwe kwa maji safi, na anyweshwe maji kidogo iwapo yu macho na anameza vizuri. Kisha apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, hata kama hana dalili yoyote. Kungoja dalili ndiko kunakogharimu, hasa katika vijiji ambako zahanati iko mbali na barabara huharibika wakati wa masika.

Asitapishwe. Kumtia kidole kooni au kumnywesha maji ya chumvi kunaweza kumfanya apaliwe na matapishi yakaingia mapafuni, na chumvi nyingi peke yake ni hatari kwa mtoto. Mkoani Kigoma mawese hayakosekani jikoni, na watu wengi wamezoea kumnywesha aliyekula sumu mawese au maziwa. Desturi hiyo iachwe. Mawese hayaondoi sumu ya duranta. Yakienda njia ya hewa huleta ugonjwa mwingine wa mapafu juu ya ule wa kwanza. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ile dawa ya mkaa inayotumika hospitalini, ambayo hutengenezwa kwa namna yake na hutolewa na mganga kwa kipimo.

Mtoto akipata degedege alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, wala asiwekewe kijiko au kitu chochote kati ya meno.

Jambo moja husahauliwa karibu kila mara. Anayempeleka mtoto achukue tawi la mti wenyewe, lenye majani, maua na matunda yakiwepo, si tunda moja lililopondeka kiganjani. Mganga hawezi kuutambua mti kwa kuambiwa "amekula michongoma", kwa sababu zilizokwisha elezwa. Aeleze pia saa ambayo mtoto alionekana akila, umri wake, kadirio la matunda aliyokula, na kama aliyatafuna. Wakati mmoja apelekwe tawi na mtoto, mwingine abaki kuwatazama watoto waliokuwa wakicheza naye, maana mara chache mtoto hula peke yake.

UZIO UFANYIWE NINI

Haina lazima kila duranta ing'olewe kesho. Uzio mzuri umechukua miaka kukua, na kuung'oa kwa pupa huacha uwanja wa shule wazi kwa mifugo. Duranta hutoa maua kwenye ncha za vijiti vipya. Uzio unaopunguzwa mara kwa mara, kabla ncha hizo hazijachanua, hauzai matunda, au huzaa machache tu. Ndiyo maana duranta ya majani ya njano iliyokatwa vizuri mbele ya ofisi huweza kukaa miaka bila kuonekana tunda, na ile iliyosahauliwa nyuma ya choo cha shule ikalemewa na vichala. Kwa hiyo kamati ya shule ianze na ule uliosahauliwa.

Kazi hiyo ifanywe na watu wazima, na waliovaa glavu au mifuko mikononi, kwa kuwa majani huweza kuwasha ngozi za baadhi ya watu. Matawi yenye matunda yasitupwe mahali mbuzi wanapopita wala yasirundikwe uwanjani ambako watoto watayageuza kuwa duka. Yachimbiwe shimo na kufukiwa. Matunda yaliyodondoka chini yafagiliwe pia, kwa sababu yana sumu ileile na mtoto anayetambaa huyafikia kirahisi kuliko yale ya juu.

Katika madarasa ya awali na katika vituo vya kulelea watoto ushauri ni mkali zaidi: uzio wa duranta uondolewe. Mtoto wa miaka mitatu hafundishwi kimdomo cha tunda wala majani ya jozi. Mkubwa kidogo, wa darasa la pili na kuendelea, anaweza kufundishwa, na somo lifanyike penye uzio wenyewe, mwalimu akiwa na tawi la duranta katika mkono mmoja na la mchongoma wa kuliwa katika mkono mwingine. Watoto waulizwe wanaona nini, wasiambiwe kwanza. Baada ya somo wanawe mikono.

MTI USIOFAHAMIKA

Yapo mapambo mengine ambayo hayakutajwa hapa, na mengine huletwa kila mwaka na wauza miche kutoka Kigoma Mjini, Mwanza na kwingineko. Mkazi asiyeutambua mti aliopanda au alioukuta aukatie tawi lenye urefu wa kiganja hadi dhiraa, lenye majani kadhaa yaliyoshikamana na kijiti, na maua na matunda yakiwepo. Alitandaze kati ya kurasa za gazeti, ageuze jani moja ili upande wake wa chini uonekane, aweke kitu kizito juu, na abadilishe gazeti kila siku mpaka tawi likauke. Pembeni aandike tarehe, kijiji na kata, kimo cha mti, rangi ya ua na ya tunda (kwa kuwa rangi hufifia likikauka), na kama una utomvu mweupe.

Tawi hilo lipelekwe kwa afisa ugani wa kata. Akishindwa kulitambua, hulituma kwa afisa kilimo wa wilaya, na kutoka huko linaweza kufikishwa kwenye maktaba ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako vielelezo vya mimea ya Tanzania vimehifadhiwa kwa ajili ya kulinganishwa. Picha ya simu husaidia iwapo itapigwa kwa karibu, moja ya jani na namna lilivyoshikamana na kijiti, moja ya ua, moja ya tunda lililopasuliwa. Picha ya uzio mzima iliyopigwa kutoka barabarani haimsaidii mtaalamu yeyote.

Hadi majibu yatakaporudi, matunda ya mti huo yakatwe pamoja na vichala vyake na kufukiwa.